Kusoma fomu ya tovuti kwa lugha ya programu ya C#: orodha ya wilaya inarudi tupu

Muulizaji: Wakuu, programu yangu hufungua fomu ndani ya WebBrowser (kivinjari kinachopachikwa ndani ya programu) na kuchagua mkoa, lakini nikisoma wilaya mara tu baada ya tukio la DocumentCompleted, nakuta neno "Chagua" peke yake. Ninakosea wapi?

Jibu la 1: Ndugu, tukio hilo hutangaza kwamba ukurasa umepakiwa, ilhali wilaya huletwa baadaye na JavaScript. Isitoshe, WebBrowser hutegemea injini ya Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft ilikistaafisha Juni 2022. Hamia Selenium, zana ya kuendesha kivinjari halisi kwa msimbo.

Jibu la 2: Naunga mkono. Tumia WebDriverWait (kisubirishi cha Selenium) isubiri hadi chaguo zizidi moja; Thread.Sleep, inayosimamisha programu kwa muda uliopangwa tu, itakuangusha siku mtandao ukiwa mzito (yamenikuta).

Muulizaji: Ahsanteni. Nimeweka kikomo cha sekunde 15, na wilaya zote zinasomeka.