Tenki dogo la farasi-bahari wadogo (zosterae), naombeni mwongozo

mama_tampa
Wakuu habarini za huko. Nipo Florida, Tampa, nimefuga samaki wa maji baridi muda mrefu tu, gapi na beta, sasa roho inataka maji chumvi. Nimewapenda hawa farasi-bahari wadogo kabisa, Hippocampus zosterae, wale ambao hata akiwa mtu mzima ana kama sentimita 2 na nusu hivi, anajizungushia mkia kwenye jani moja la nyasi anatulia hapo anakuangalia. Mezani nina nafasi ya tenki la galoni 5, labda 10, lakini kila ninayemuuliza ananiambia maji chumvi kwenye tenki dogo ni kujitafutia shida, nichukue la galoni 30. Kweli? Halafu chakula, naweza kuwapa cha kugandishwa kama ninavyowapa beta? Na kwa vile hawa kwao ni huku huku, Ghuba ya Meksiko na Bahama, kuna ubaya nikichota maji na majani baharini nikaweka tenkini? Hata farasi wenyewe nasikia watu huwakuta kwenye nyasi za bahari.

fundi_artemia
Karibu sana dada. Nianze na ukubwa maana hapo wengi hushauriwa vibaya. Kwa samaki wengine wa maji chumvi hao waliokwambia wako sahihi, maji mengi hayaharibiki haraka, lakini zosterae hakimbizi chakula, amejishika kwa mkia anasubiri kidudu kipite mbele ya mdomo ndo akivute, sasa ukimweka kwenye galoni 30 artemia (vikamba vidogo sana vya maji chumvi, ndo chakula chao) wanatawanyika kote na yeye anashinda na njaa. Galoni 5 (lita 19 hivi) inatosha, na ukitaka nafuu kwenye ubora wa maji chukua 10, usipite hapo.

Cha kugandishwa sahau. Hawa wanataka kitu kinachojongea. Na farasi-bahari hana tumbo la kuhifadhi chakula, kinapita moja kwa moja kwenye utumbo, ndo maana lazima wale artemia hai angalau mara mbili kwa siku, zaidi ya hapo ndo vizuri. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, kabla hujanunua farasi hata mmoja anza kutotoa artemia, ufanye mpaka iwe kawaida kama kuchemsha chai, kwa sababu tenki lenyewe ni rahisi, kazi ipo kwenye chakula.

Chukua chupa ya soda ya lita 2, kata kitako, igeuze mdomo uwe chini ukiwa umefungwa vizuri, weka maji ya chumvi na mayai ya artemia, shusha mpira wa hewa hadi chini kabisa ili maji yavurugike muda wote, mayai yasitulie. Joto 26 hadi 28, taa iwake, kesho yake muda kama huo maji yamegeuka rangi ya chungwa. Hapo zima hewa dakika kumi hivi, maganda yataelea juu, weka tochi chini pembeni na artemia watajikusanya kwenye mwanga kama wingu, wavute na mpira mwembamba, wachuje kwenye kitambaa laini, wasuuze, wape. Wape wakiwa wabichi maana lishe yao ni kile kiini cha yai walichozaliwa nacho na kinaisha ndani ya saa chache. Wakishajivua gamba mara ya kwanza wanaanza kula wenyewe, basi hao unaweza kuwashibisha kwanza virutubisho vya mwani ndo uwape farasi. Mayai mazuri kwako hayana shida, mengi yanatoka hapo hapo Marekani kwenye Great Salt Lake, Utah. Yaweke kwenye friji.

kaka_houston
Fundi kamaliza kwenye chakula, mimi niongezee adui namba moja maana naona hajatajwa: HAIDROIDI. Dada ukiona kwenye kioo viuzi vyeupe vyembamba vimesimama, urefu wa milimita chache, juu vina vidole vidole vimechanua, ndo wenyewe. Ni jamaa wa jelifishi, wanachoma. Wanakula artemia wale wale unaowatotoa, kwa hiyo kadri unavyolisha farasi wako nao wanazidi kushamiri, halafu wanachoma vitoto vya farasi vinakufa na watu wazima wanapata vidonda.

Ndo maana jibu la kuchota baharini ni HAPANA. Maji yale, majani, hata jiwe hai la dukani (lile lenye viumbe vya bahari ndani yake), vyote vinaweza kuleta haidroidi. Tengeneza maji yako mwenyewe, maji ya RO (yaliyochujwa kwa mashine mpaka yakawa safi kabisa) na chumvi ya akwariamu, uzito wa maji ukilinganisha na maji matupu uwe 1.022 hadi 1.025. Mapambo anza na mawe makavu na majani ya plastiki laini, wao wanachotaka ni kitu cha kushika tu. Ukipenda mwani hai (kaulapa unapendeza sana) basi weka kabla ya farasi na tenki lote lipigwe fenbendazoli, ile dawa ya minyoo ya mbwa, halafu ubadilishe maji. Ila ujue inaingia kwenye mawe na kukaa humo, inaua minyoo ya bahari na matumbawe, kwa hiyo tenki hilo halitafaa tena kwa matumbawe. Mimi naona bora hivyo, hili ni tenki la farasi peke yao, usichanganye na samaki wala anemoni wala kaa. Konokono wadogo aina ya nerite wanatosha kusafisha.

Filta ni ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, mapovu taratibu. Zile filta za kuning'iniza zinafyonza artemia wote na vitoto juu yake. Hita ikiwepo ifunike kwa wavu maana watajizungushia mkia wataungua, na wao joto la 22 hadi 25 linawatosha, kwa Tampa unaweza usiihitaji kabisa ndani ya nyumba.

Kuhusu kuwakamata, tafadhali usiwaguse dada. Farasi-bahari wote wako kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 2004, na makazi yao ni hizo nyasi za bahari ambazo zinazidi kupungua. Nunua waliozaliwa tenkini, wamezoea artemia tangu siku ya kwanza.

pwani_nyali
Mada nzuri sana hii. Mimi niko Mombasa, nauliza, hawa wadogo huku kwetu wapo? Nimewaona wa kwetu kwenye nyasi maji yakitoka, ila ni wakubwa kuliko hapo.

fundi_artemia
Ndugu yangu wa Nyali, zosterae hawapo huku kwetu, wao ni upande wa Atlantiki tu. Pwani yetu wapo kina histrix wenye miiba na camelopardalis, hao wanafika sentimita 10 na zaidi, wanataka tenki refu kwenda juu. Zaidi ya yote waache pale pale kwenye nyasi, wakitolewa baharini wengi wanagoma kula.

mama_tampa
Asanteni sana jamani, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. La mwisho: tenki likishajazwa nisubiri muda gani? Na wakizaa nitahitaji tenki lingine? Na mimi huwa nasafiri wikendi, inakuwaje?

kaka_houston
Subiri wiki 4 hadi 6. Weka chanzo cha amonia ili bakteria wa kusafisha maji wakue, pima mpaka amonia na naitraiti zote zisome sifuri. Weka alama ya utepe kwenye kioo, maji yakishuka ongeza maji matupu yasiyo na chumvi, kwa sababu yanayopotea hewani ni maji, chumvi inabaki humo. Kwa tenki dogo hivyo hili ni la kila siku.

fundi_artemia
Hapo kwenye kuzaa ndo raha ya zosterae. Dume anabeba mimba siku 10 hadi 12 hivi, vitoto vinatoka na milimita 7 au 8, vimeshajitegemea, na vinakula artemia wale wale wa wazazi wao, kwa hiyo vinaweza kukulia humo humo. Ndani ya miezi mitatu vimekomaa. Wenyewe hawaishi sana, mwaka hadi miwili.

Wikendi lazima awepo mtu, hakuna mashine itakayokusaidia. Mfundishe jirani, muachie mayai yamepimwa tayari kwenye vifuko, kila kifuko chupa moja. Na umsisitizie asizidishe kwa huruma, artemia wasioliwa wanakufa chini na amonia inapanda usiku mmoja. Ukirudi vuta mabaki ya chini na mpira mwembamba, badilisha maji kidogo.