Naomba ushauri: jukwaa letu la wadau wa dagaa Kigoma lina vyumba vingi, lakini watu hawaandiki

Mchuuzi wa Mwanga

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Mimi ni mkazi wa Kigoma mjini. Miezi minne iliyopita, pamoja na wenzangu watatu, tulifungua jukwaa la mtandaoni kwa ajili ya watu wa dagaa: wavuvi, akina mama wanaoanika, wachuuzi wanaosafirisha kwa treni na malori, na wanunuzi wa Tabora na Dar es Salaam, bila kuwasahau wale wanaovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie na Bujumbura. Waliojiandikisha wamezidi 200, jambo lililotupa moyo, ila wanaoandika hawafiki 15, na wanne kati yao ni sisi wenyewe.

Ukurasa wa mwanzo una picha kubwa ya ziwa wakati wa machweo, chini yake salamu za viongozi, kisha vyumba 14, kuanzia Zana za Uvuvi na Injini hadi Afya, Mikopo na Michezo. Tulivifungua vyote siku moja, kwa hesabu kwamba nyumba yenye vyumba vingi hupata wageni wengi. Tisa havijawahi kuingia mtu.

Wiki iliyopita nilikwenda mwaloni Kibirizi, mitumbwi inakoshusha samaki, nikamwomba mama mmoja anayeanika dagaa anitafutie humo, kwa simu yake mwenyewe, bei ya sado (kopo la kupimia dagaa) kule Katonga. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua limeshika, hata ikambidi akinge kioo kwa kiganja ili aone maandishi. Kioo chenyewe kina ufa kwenye kona, na vidole vyake vilikuwa na magamba yaliyokaukia, kwa hiyo kila alipogusa neno moja simu ilimfungulia jingine. Hatimaye akafika chumba cha Bei, akakuta uzi (mada) wa juu umeandikwa "Bei ya leo", bila jina la mwalo wala kipimo, na uliwekwa siku 19 kabla. Akasoma, akacheka, akaniuliza, "Mwanangu, leo ya lini hii?" Kisha akampigia dada yake aliyeko Katonga na kupata bei kabla sijamaliza kujieleza.

Naomba mnishauri tuvunje nini na tuongeze nini. Mwenzetu mmoja anataka gumzo la papo kwa papo, mwingine anataka vyeo na nyota kwa wanachama wanaoandika sana. Fedha tuliyo nayo ni ya jambo moja au mawili tu.

Fundi wa Kasulu

Ndugu Mchuuzi, pole, na hongera kwa kwenda mwaloni kumtazama mtumiaji badala ya kukaa ofisini mkibuni. Nimefungua jukwaa lenu kwa simu ndogo, na kabla sijaona neno lolote la mwanachama nilikuwa nimeshapandisha kioo kwa kidole mara nne. Ondoeni picha ile na salamu zile. Ukurasa wa mwanzo uwe orodha ya nyuzi zilizojibiwa karibuni, ya leo juu ya jana, ili anayefika aone kwanza kwamba kuna watu ndani.

Vyumba bakizeni vitatu: Bei na Mauzo, Uvuvi na Uanikaji, na Mengineyo. Chumba kipya kifunguliwe pale tu nyuzi za jambo moja zitakapokuwa zinawasumbua wengine, kwa mfano mambo ya injini yakianza kuifunika bei. Chumba kitupu humfukuza mgeni, kwa sababu hukihesabu kama duka lililofungwa.

Kuhusu jua na vidole, maandishi yawe meusi juu ya nyeupe, si ya kijivu kama yalivyo sasa. Ukubwa usipungue pikseli 16, na vitufe viwe na nafasi ya kutosha baina yao, pikseli kama 48 kwa kila kimoja. Picha nazo ni tatizo. Picha moja ya simu huweza kuwa na megabaiti tatu au nne, kwa hiyo uzi wenye picha kumi unamla mtu bando lake kabla hajajua anachokitazama. Ziwekeeni utaratibu wa kupunguzwa zenyewe zinapopandishwa. Upana wa pikseli 1,000 unatosha kabisa kumwonyesha mtu rangi ya dagaa.

Mama Chanja

Mimi naanika Ujiji, na niseme wazi kwamba nilijiandikisha kwenu, nikaingia mara mbili, nikaacha. Kilichonikimbiza si rangi ya maandishi.

Bei bila kipimo haina maana. Kuna bei ya sado, kuna ya debe, kuna ya gunia, na hata sado yenyewe iliyojazwa mpaka ikaota kilima si sawa na ile iliyokatwa kwa ubao. Dagaa walioanikwa kwenye vichanja hawauzwi sawa na walioanikwa mchangani, maana mnunuzi anajua atakavyotafuna mchanga. Sasa mtu akiandika tu kwamba "dagaa wamepanda", mimi nifanye nini na habari hiyo?

Badala ya kutuachia kurasa tupu tuandike tunavyojua, tuwekeeni fomu fupi ya bei yenye mambo manne ya kuchagua: mwalo, kipimo, namna walivyoanikwa, na shilingi ngapi. Tarehe ijiandike yenyewe, tusiulizwe. Bei ikipita siku tatu ififie, ikipita wiki iondoke mbele ya macho yetu. Nyota na vyeo wapeni watoto.

Msafiri wa Reli

Shikamoo Mama Chanja. Nakubaliana nawe kuhusu fomu, lakini nakuomba tusitupe bei za zamani. Mimi nauza Tabora mjini, na kwangu bei ya mwezi kama huu mwaka jana ni mali. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, ningekuwa na kumbukumbu ya bei za majuma yaliyotangulia, ningejua mapema niweke gunia ngapi ghalani. Kwa hiyo bei iliyopita wiki iondoke ukurasa wa mbele, lakini ihifadhiwe mahali ambapo mtu anaweza kuitafuta kwa mwalo na kwa mwezi. Fomu ya Mama Chanja ndiyo itakayofanya utafutaji huo uwezekane, kwa kuwa kisanduku cha kutafuta hakiwezi kupata jina la mwalo ambalo mwandishi hakuliandika.

Kwa Fundi nina shaka moja. Orodha ya nyuzi mpya ni nzuri, lakini tahadhari ya upepo iliyowekwa asubuhi itakuwa imezama chini ya bei 20 ifikapo jioni, saa ambayo wavuvi ndiyo wanajiandaa kuingia ziwani. Tangazo la namna hiyo libandikwe juu, na yasiwepo matangazo zaidi ya mawili kwa wakati mmoja. Aliyelibandika alibandue siku ikiisha. Nimeona majukwaa yenye matangazo tisa juu, la kwanza likiwa la mkutano wa miaka miwili nyuma.

Karani Mstaafu

Sijaona aliyegusa mlango. Nimejaribu kujiandikisha, nikaulizwa mambo 11, likiwemo namba ya kitambulisho cha taifa. Ya nini hiyo? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msingi wake mmoja ni kukusanya taarifa zile tu ambazo kazi yako inazihitaji. Jina la kutumia jukwaani, nywila na mwalo au mji vinatosha.

Pia msiifunge akaunti kwa namba ya simu peke yake. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, mtandao huweza kumpa mtu mwingine namba hiyo, naye akaingia kwenu kwa jina la mvuvi asiyehusika. Na kabla jukwaa halijakua, nendeni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mkaulize mnatakiwa kuwa na nini, kwa maana kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zimebadilishwa zaidi ya mara moja.

Kijana wa Kibondo

Gumzo msiweke. Makundi ya WhatsApp tunayo tele, na swali la jana halionekani tena leo. Jukwaa linafaa kwa sababu jibu hukaa.

Mchuuzi wa Mwanga

Nawashukuru sana. Jana usiku tumefunga vyumba 11, tumeondoa picha ya machweo (mwenzetu aliyeipiga amenuna kidogo), na fomu ya kujiandikisha imebaki na mambo matatu. Gumzo na nyota tumeviacha. Fedha yote itakwenda kwenye fomu ya bei na hifadhi yake, kama alivyopendekeza Msafiri.

Limebaki jambo moja. Siku za mbalamwezi mitumbwi ya dagaa haitoki, maana taa hazivuti samaki mwezi ukiwaka, na hizo ndizo siku ambazo wavuvi wako nchi kavu na wana nafasi ya kushika simu. Siku hizo hakutakuwa na bei mpya, na mgeni ataona za zamani zimefifia zote, adhani jukwaa limekufa. Tufanyeje?

Mama Chanja

Ongeza jibu la tano kwenye fomu: "Mitumbwi haikutoka." Hiyo nayo ni habari, tena mnunuzi wa Tabora ataipenda kuliko bei, kwa sababu itamwambia asipande treni bure. Na siku hizo hizo fungueni uzi mmoja wa maswali ya nyavu na injini, mtaona watakavyoandika.

Bei za Ujiji nitajaza mimi kila asubuhi. Kwa Kibirizi, mrudie yule mama aliyekucheka.