Pikipiki haiwaki alfajiri na baridi hii ya Makete, miguu imekwisha kwa kiki

Boda_Tandala:
Shikamooni wakubwa, na wadogo mambo. Niko Makete, nabeba abiria na viazi kati ya Tandala na Makete mjini. Pikipiki yangu ni cc 125 ya kabureta (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa), nimeinunua mkononi Dar mwezi wa pili. Mpaka mwezi wa nne ilikuwa kiki moja, mbili, imewaka. Sasa baridi imeingia, mh! Saa kumi na moja alfajiri napiga kiki mpaka jasho linatoka na masweta mawili mwilini. Leo nimehesabu: kiki 43, ndipo ikakohoa. Juzi sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya siti, nikaikwangua kwa kadi ya simu. Ajabu ni kwamba jua likishapanda, saa tatu hivi, inawaka kiki moja kama haikunitesa.

Plagi nimeweka mpya. Selfu, ya kuwashia kwa kitufe, niliikuta imekufa. Mafuta nanunua ya chupa hapo kijiweni. Jirani ananiambia niweke jiko la mkaa chini ya injini dakika kumi kabla ya kuwasha, anasema lori la kaka yake walikuwa wanafanya hivyo. Mnasemaje? Abiria wangu wa kwanza ni mwalimu, ameshaanza kuniita "Bwana Saa Tatu".

Fundi_Mzee:
Marahaba kijana. Jiko sahau kabisa. Lori la dizeli na pikipiki ya petroli ni vitu viwili. Kabureta ikidondosha tone moja kwenye mkaa, utakuwa unamtafuta mwalimu kwa miguu.

Petroli haiungui ikiwa maji maji, inaungua ikiwa mvuke. Kwenye baridi mvuke unatoka kidogo, kwa hiyo injini ya baridi inataka hewa ipungue na mafuta yazidi. Hiyo ndiyo kazi ya choki, na kwenye maelezo yako yote hujaitaja hata mara moja. Unayo? Unaitumia?

Boda_Tandala:
Kile kimkono kidogo pembeni ya kabureta kipo mzee. Nakipandisha, nakishusha, sioni tofauti. Nikajua ni urembo.

Fundi_Mzee:
Basi kesho fanya hivi. Chomoa mpira unaotoka eakilina, kichujio cha hewa, kuja kwenye kabureta. Zima swichi, ziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, usivute moto (usizungushe mkono wa mafuta), piga kiki mbili taratibu. Ondoa mkono, washa swichi, piga moja ya nguvu. Ikiwaka, ugonjwa umeshajulikana: choki haizibi hewa. Mkono uwe umetoka kabla ya kuwasha swichi, injini ikirudisha moto itakuchoma.

Mdau_Mafinga:
Mkuu, huku kwetu nako baridi si mchezo. Mimi naongeza mawili. La kwanza, oili. Kama umeweka 20W-50, alfajiri inakuwa nzito kama uji uliolala, ndiyo maana kiki inakuwa ngumu. Soma kitabu cha pikipiki yako, kama kinaruhusu 10W-40, nyepesi zaidi kwenye baridi, hamia huko. La pili, hayo mafuta ya chupa. Legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye chupa safi, iache itulie. Ukiona matone yanagawanyika chini, hayo ni maji.

Na usiku ifunike na gunia. Mimi naiegesha kwenye mteremko kabisa, ikigoma natia gia ya pili naishtua.

Boda_Tandala:
Wakuu nimerudi. Mafuta ya bakuli yalikuwa safi, mama wa chupa nimemsingizia bure. Ila jaribio la kiganja! Kiki ya kwanza baada ya kutoa mkono, imewaka. Nikachungulia na tochi ya simu mdomoni mwa kabureta: kimkono kinazunguka lakini ndani hakuna kibati cha choki cha kuziba hewa. Kuna matundu mawili ya skrubu tu. Nimempigia aliyeniuzia, anacheka, anasema fundi wake alikitoa zamani, "Dar choki ya nini?"

Fundi_Mzee:
Kwa joto la Dar hakukosea sana, amekukosea wewe. Tafuta kibati kwenye kabureta bovu la aina hiyo hiyo. Skrubu zake ziweke gundi ya kuzuia skrubu zisilegee, maana ikilegea moja inamezwa na injini.

Halafu sikiliza. Huko juu hewa ni nyepesi, kabureta iliyopangwa pwani tayari inakupa mafuta mengi kidogo. Kwa hiyo choki isikae. Ikishika, hesabu nusu dakika, ishushe kidogo kidogo, ikitulia kwenye sailensa, yaani inanguruma yenyewe bila kuvuta moto, ifungue yote ndipo uondoke. Ukisafiri nayo imefungwa, plagi itajaa masizi na utarudi hapa kulia upya. Na ikigoma kiki tano sita na unasikia harufu ya petroli, imekunywa, mafuta yamezidi ndani: fungua choki, vuta moto mpaka mwisho, piga kiki.

Mdau_Mafinga:
Hilo la kunywa limenitesa mwaka mzima nikijua ni koili, ile ya kutoa umeme wa plagi. Asante mzee.

Boda_Tandala:
Kibati nimepata kwa fundi wa mjini, kanipa bure kwa nusu debe la viazi. Leo sakitu ilikuwepo, nyeupe mpaka kwenye kioo. Kiki ya pili. Nimefika kwa mwalimu, bado anapiga mswaki.