Hegemonia si jina jingine la udikteta: tuache kulitumia neno hili ovyo

Ndugu wanajukwaa, nimevumilia vya kutosha. Siku hizi mjadala wa siasa haufiki mbali kabla mtu hajaingiza neno "hegemonia", na mara nyingi analiingiza bila kujali maana yake. Rais akiwafunga wapinzani, tunaambiwa ni hegemonia. Jeshi likiipindua serikali, hegemonia. Nchi ikivamiwa na jirani yake, chama kikishinda uchaguzi kwa kishindo, hata msimamizi wa mdahalo akimnyima mtu nafasi ya kusema, yote hayo ni hegemonia. Kinachonikera zaidi ni kwamba wanaolitumia hivyo ndio wanaojitapa kuwa wachambuzi, na anayethubutu kuwauliza maana yake huambiwa akasome.

Haya, tusome. Neno hili limetoka kwa Wagiriki wa kale, ambao kwao lilikuwa uongozi wa dola moja juu ya nyingine zilizouridhia uongozi huo. Mwaka 478 K.K., Waajemi walipokwisha kurudishwa nyuma, miji mingi ya Kigiriki ilijiunga chini ya Athene, ikakubali kuchangia merikebu au fedha, na hazina ya pamoja ikawekwa katika kisiwa cha Delos. Miji hiyo ilijiunga kwa sababu ilikuwa na faida ya kupata: ulinzi dhidi ya Waajemi na sauti katika baraza. Baadaye Athene ikabadilika. Miji iliyotaka kujitoa ilizingirwa na kulazimishwa kubaki, mwaka 454 K.K. hazina ikahamishiwa Athene kwenyewe, na mwaka 416 K.K. Waathene waliwaua wanaume wa Melos na kuwauza wanawake na watoto utumwani, kwa kuwa kisiwa hicho kilikataa kuwatii. Kwa utawala wa namna hiyo Wagiriki walikuwa na neno tofauti, "arkhe", yaani himaya ya kuamrisha. Tofauti tunayoifuta leo kwa uvivu waliijua wao zaidi ya miaka 2,400 iliyopita.

Aliyelipa neno hili uzito lilio nao leo ni Antonio Gramsci, mkomunisti wa Italia aliyekamatwa na serikali ya Mafashisti mwaka 1926 na kuandika madaftari yake akiwa gerezani kuanzia mwaka 1929. Swali lililomsumbua lilikuwa kwa nini mapinduzi yaliyofaulu Urusi mwaka 1917 hayakufaulu katika nchi za Ulaya Magharibi. Jibu lake ni kwamba huko tabaka linalotawala halikutegemea polisi na magereza peke yake, bali lilikuwa limejikita shuleni, kanisani, magazetini na katika vyama vya kila aina, hata maslahi yake yakaonekana kuwa maslahi ya wote, na mpangilio uliolinufaisha ukaonekana kuwa ndio mambo yalivyo. Gramsci hakusema kwamba nguvu hutoweka. Alisema ridhaa hutangulia, na nguvu hukaa nyuma yake ikisubiri. Ukiiondoa ridhaa katika maelezo hayo, kinachobaki si hegemonia tena.

Nitatoa mfano wa karibu zaidi na zama zetu. Mwaka 1956, baada ya Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, kuutaifisha Mfereji wa Suez, Uingereza na Ufaransa ziliungana na Israeli kuishambulia Misri. Marekani haikupeleka jeshi kuwazuia Waingereza. Pauni ilikuwa ikiporomoka, Uingereza ilihitaji mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na Marekani ikakataa kuunga mkono msaada wowote mpaka majeshi yaondoke. Yaliondoka. Hadi leo maamuzi makubwa ya shirika hilo huhitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake inazo zaidi ya asilimia 15, kwa hiyo inaweza kuyazuia bila kumtishia mtu. Nchi nyingine zimejiunga kwa hiari na hubaki kwa sababu kubaki kuna manufaa. Hapo ndipo neno hegemonia linapofanya kazi yake.

Najua watakaonijibu kwamba China hulitumia kama lawama, na ni kweli: katika Tamko la Shanghai la mwaka 1972, China na Marekani zilisema kuwa hakuna kati yao inayopaswa kutafuta hegemonia katika Asia na Pasifiki. Lakini hata pale lilihusu dola kutaka ukubwa juu ya madola mengine, si kila ubabe unaotendeka chini ya jua.

Uzembe huu una madhara ya pande mbili. Mtu aliyewekwa kizuizini bila mashtaka, ukasema ameathiriwa na hegemonia, umemfichia mkosaji wake kosa kwa neno la kisomi. Na wakati huohuo, ule utawala unaopita kwenye mikopo, mitaala na vyombo vya habari, ambao hauhitaji kumpiga mtu, unabaki bila jina.

Kwa hiyo ninadai jambo moja kwa kila anayetaka kulitumia neno hili katika uzi wowote: aseme nani anaongoza, nani ameridhia kuongozwa, na huyo aliyeridhia anapata nini. Asiyeweza kujibu aandike udikteta, uvamizi au wizi wa kura, kwa kadiri ya kile alichokiona.