Hati moja majina mawili, mwenzangu hasaini. Nifanyeje?

Mguu_Ndani: Wakuu, nina shamba la eka tatu. Hati ni moja, majina mawili, langu na la mwenzangu. Nataka ligawanywe kila mtu awe na hati yake, ila mwenzangu hataki kusaini. Naweza kwenda kwa msajili wa ardhi peke yangu? Naomba njia ya kisheria, matusi nina ya kutosha nyumbani. Usingizi umekata.

Kisirani: Mwenzako nani? Kama ni mke, umekosea jukwaa.

Mpimaji_Mstaafu: Peke yako, hapana. Mkielewana mnaandika makubaliano ya mgawanyo, mpimaji mwenye leseni anapima, mamlaka ya mipango inaidhinisha, hati ya zamani inarudishwa na kufutwa, zinatoka mbili mpya. Msipoelewana ni mahakamani. Huko wanaweza kugawa, au wakiona ardhi haikatiki bila kuharibika wakaamuru iuzwe mgawane hela. Halafu angalia njia! Nilipima shamba la ndugu wawili, nusu kwa nusu, wenyewe wameshika kamba wanacheka. Siku ya kuingiza mkokoteni ndipo wa nyuma akagundua hana pa kupita. Misimu miwili alipitisha mbolea kichwani juu ya ua wa kaka yake. Na vipimo vilikuwa sahihi kabisa.

Bi_Kibatari: Sisi tulikuwa sita. Hati ilikaa kwenye sanduku la mama mpaka panya wakala kona yenye namba. Mwanangu, kaeni kikao kwanza. Mnakimbilia mihuri kabla ya kusalimiana.

Wakili_Mtoro: Mambo mawili, mkuu. Hati inataja hisa ya kila mtu au imeandikwa "kwa pamoja" tu? Na kuna rehani? Kama ipo, aliyekopesha lazima aridhie.

Mguu_Ndani: Rehani hakuna. Imeandikwa kwa pamoja, hakuna nusu wala robo. Mwenzangu ni dada yangu, tumbo moja.

Wakili_Mtoro: Basi shida iko hapo. Nchi nyingi zenye sheria zilizotoka Uingereza, umiliki wa pamoja usio na hisa, mmoja akifa aliyebaki anachukua lote. Watoto wa marehemu hawana chao kwenye hiyo hati. Ukitangulia wewe, la dada. Kwa hiyo kwanza mnauvunja huo umoja, mnaandikishwa kwa hisa, ndipo mnagawana. Dada mzima?

Mguu_Ndani: Anaumwa. Muda sasa.

Kisirani: Ahaa.

Mguu_Ndani: Msinifikirie vibaya. Ningekuwa na nia hiyo si ningenyamaza tu nisubiri? Mimi ndiye ninayetaka kugawa! Ila nimeshapokea malipo ya awali ya upande wa barabarani, na mnunuzi ameshapiga vigingi. Tena dada hakukataa moja kwa moja, dole gumba aliweka.

Wakili_Mtoro: Kwenye karatasi gani? Shahidi nani?

Mguu_Ndani: Mimi na mnunuzi. Juu palikuwa bado hapajaandikwa kitu.

Bi_Kibatari: Yarabi.

Chonjo: Hebu tusimame. Mwanzo dada hataki kusaini, sasa ameweka dole. Mgonjwa, karatasi tupu, mnunuzi mwenye haraka, na kila akibanwa linaongezeka kosa jipya. Huu ni mtihani wa sheria ya ardhi, wakuu. Mwalimu wetu alitutungia kama huu, na shamba lilikuwa eka tatu vilevile. Dogo, kafanye kazi yako mwenyewe.

Mpimaji_Mstaafu: Na mimi nimeshajaza nusu ukurasa!

Kisirani: Naomba maksi zangu za lile swali la mke.

Mguu_Ndani: Si mtihani. Wino ulikuwa wa zambarau. Nilimfuta mwenyewe kwa kona ya shuka, nikatia mate, haukutoka. Mpaka leo uko pembeni ya ukucha wake na kila nikimpelekea uji nauona. Kuna mtihani wenye hilo?

Chonjo: Mwalimu wetu hakuwa na kipaji hicho, nakiri.

Bi_Kibatari: Mtihani au si mtihani, dada ana watoto?

Mguu_Ndani: Wawili.

Wakili_Mtoro: Karatasi hiyo usiipeleke popote, itakugeukia. Dada akiwa na fahamu zake, apate wakili wake, si wako, na asaini mbele ya shahidi asiye na maslahi. Hisa kwanza, mgawanyo baadaye, kuuza mwisho. Mnunuzi arudishiwe hela yake au akubali kusubiri kwa maandishi.

Mguu_Ndani: Na kama hela yenyewe imeshatumika?

Chonjo: Swali (c). Alama kumi.