Ushauri: Jamii haitaki sehemu ya ripoti yetu ichapishwe, mhadhiri anataka ripoti kamili

Mwanachuo_Tatu:
Wakuu, habari za humu. Nina jambo linanitatiza, naomba mnishauri kabla siku ya kukabidhi ripoti haijafika.

Nasoma biashara, mwaka wa tatu. Kozi yetu moja muhula huu haina mtihani. Tumegawanywa vikundi, na kila kikundi kinafanya kazi na biashara ya kijamii inayomilikiwa na jamii ya asili. Sisi tumepata ushirika wa akina mama wanaotengeneza mafuta ya ngozi kutokana na mimea ya msitu wao. Faida haiingii mifukoni mwa watu, inalipa karo za watoto na gharama za kesi ya ardhi yao. Tuliombwa tukokotoe gharama halisi ya kila chupa na tupendekeze masoko mapya.

Ili tupate gharama ilibidi tufuatane nao hatua kwa hatua: nani anachuma, sehemu gani, msimu gani, nini kinatangulia nini jikoni. Tukaandika yote. Tulipowasomea rasimu, mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akasema hesabu amezipenda, ila kurasa za uchumaji na upishi zitoke. Alisema walitukaribisha tuone, hawakutupa tukatangaze.

Sasa mwongozo wa kozi unataka mchakato wa uzalishaji uelezwe kwa kina, na una alama nyingi. Isitoshe, ripoti bora huwekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, wazi kwa kila mtu. Hati ya makubaliano kati ya chuo na ushirika haigusi jambo hilo kabisa. Kikundi kimegawanyika: kuna anayesema tulishaambiwa kwa hiari yao, na kuna anayetaka tufute tu tupoteze alama. Mimi siko tayari kuwavunjia heshima wale akina mama, lakini pia nina wenzangu wanaotegemea alama hizi. Mngefanyaje?

Fundi_Hesabu:
Mkuu, hesabu ya gharama haihitaji jina la mmea. Igawe kazi kwa hatua, ziite hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila hatua iwekee saa za kazi, nishati, vifungashio, usafiri na kiasi kinachopotea. Gharama ya chupa inatoka ileile. Halafu angalieni saa za kuchuma, maana hapo ndipo biashara nyingi za namna hii hujidanganya: muda wa akina mama hauhesabiwi, bei inaonekana ina faida kumbe wanaifadhili wenyewe kwa jasho. Mkiwaonyesha hilo mtakuwa mmewafaa kuliko kurasa kumi za upishi.

Msomi_Huru:
Natofautiana kidogo. Kuandika hadharani kunaweza kuwalinda. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi, kwa matumizi ya bizari ya manjano kuponya vidonda, na mwaka 1997 ikafutwa kwa sababu Wahindi walileta maandishi kuonyesha kwamba matumizi hayo yanajulikana tangu zamani. Kisichoandikwa ni rahisi mtu kudai amekigundua yeye.

Wakili_Mdogo:
@Msomi_Huru hoja yako ina uzito, lakini itazame vizuri. Ya manjano yalikuwa tayari yamo vitabuni. Na India ilipoanza kukusanya maarifa ya tiba za jadi kwenye maktaba ya kidijitali mwaka 2001, haikuyamwaga mtandaoni. Ofisi za hataza zilifunguliwa kwa mkataba wa kutunza siri. India yenyewe ndiyo iliyochagua nani aone.

Mwanachuo, kisheria siri ikishachapishwa hairudi kuwa siri. Hata mkiiondoa kesho, nakala zimeshasambaa. Soma pia habari ya hoodia, mmea ambao Wasan wa kusini mwa Afrika huutafuna kutuliza njaa. Miaka ya 1990 taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini, CSIR, iliuchukulia hataza na kutoa leseni kwa kampuni ya Uingereza bila wenyewe kuulizwa. Makubaliano ya kugawana mapato na Wasan yalikuja mwaka 2003, baada ya kelele nyingi.

Ukienda kwa mhadhiri usiende na huruma peke yake. Mtajie ibara ya 31 ya Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la mwaka 2007, inayotambua haki yao ya kutunza na kudhibiti maarifa yao ya jadi. Tamko si sheria inayofunga kama mkataba, ila chuo kinachojisifu kushirikiana na jamii hizi kitaona aibu kulipuuza.

Dada_wa_Stoo:
Mdogo wangu, mimi niko upande wa pili wa meza. Natunza stoo na hesabu kwenye biashara ya jamii yangu, na kila muhula tunapokea wanafunzi. Nimefurahi umeuliza, maana wapo ambao tumekuja kukuta vitu vyetu mtandaoni.

Kuwapokea ninyi ni kazi. Kila kundi jipya tunaanza upya kueleza sisi ni nani na kwa nini faida haigawanywi. Mwenyekiti akikaa nanyi asubuhi nzima, asubuhi hiyo hajachuma wala hajauza. Mwalimu mgeni akialikwa darasani hulipwa, na huyu mama anafundisha vilevile. Muulizeni mhadhiri kama bajeti ya kozi inamlipa.

Mkipewa nafasi mnasaidia kweli. Kundi moja lilituletea programu ya kusajili mizigo. Daftari letu lina safu pana ya mwisho, ya maelezo: fulani amefiwa, fulani anauguza, huyu asipunguziwe zamu. Programu haikuwa na safu hiyo, kwa hiyo mwezi wa kwanza waliofiwa walionekana chini kabisa ya orodha kama watu wasiotaka kazi. Tukarudi kwenye daftari. Kundi lililofuata likakaa na sisi, likauliza ile safu ina kazi gani, likaiongeza. Programu tunayo hadi leo.

Kwa hiyo nendeni kwanza kwa mwenyekiti. Msimpelekee fomu ya kusaini, msomeeni tena, aseme ukurasa kwa ukurasa nini kibaki.

Mwanachuo_Tatu:
Asanteni sana, dada na wakuu wote. Nimezungumza na wenzangu, tunarudi kwa mwenyekiti kabla ya kumuona mhadhiri. Tunataka kuomba ripoti mbili: ya chuo yenye hatua zisizotaja mimea, na kamili ya ushirika peke yao. Badala ya alama za mchakato, tutaomba tupimwe kwa kueleza jinsi tulivyokubaliana nini kiandikwe. Kuna tulichosahau?

Wakili_Mdogo:
Kipo. Picha, sauti mlizorekodi na madaftari yenu ya fildi. Mataifa ya Kwanza, yaani jamii za asili za Kanada, yana kanuni zinazoitwa OCAP, tangu mwaka 1998: jamii imiliki data zake, izidhibiti, izifikie na izishike yenyewe mkononi. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Ripoti mtaisafisha vizuri, huku video ya upishi iko kwenye simu tano na kwenye grupu la WhatsApp la darasa.

Dada_wa_Stoo:
Amesema kweli. Wapelekeeni vyote kwenye flashi, mfute vya kwenu mbele yao, na muandike hivyo kwenye ripoti. Na mhadhiri aingize kipengele hicho kwenye hati ya makubaliano kabla kundi la muhula ujao halijaja.