Doki ina HDMI mbili, lakini skrini zote zinaonyesha picha ileile

mfasiri_wa_pwani:
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninatumia MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1 kwa kazi ya kutafsiri, na nimenunua doki (kifaa cha kuongeza matundu) ya USB-C yenye matundu mawili ya HDMI ya kuunganishia skrini ili matini chanzi ikae kwenye skrini moja na tafsiri kwenye nyingine. Skrini zote mbili zinawaka, lakini zinaonyesha picha ileile, na kwenye mipangilio kompyuta inatambua skrini moja tu ya nje. Nimebadilisha waya bila mafanikio. Muuzaji aliichomeka doki hiyo kwenye kompyuta yake ya Windows, na kila skrini ikaonyesha mambo yake. Je, kompyuta yangu ni mbovu?

fundi_mstaafu:
Kompyuta yako ni nzima na doki ni nzima, ila muuzaji alipaswa kukuuliza unatumia kompyuta gani kabla ya kupokea fedha. Doki ya aina hiyo hupokea picha kupitia tundu moja la USB-C, kisha huigawa kwa njia iitwayo MST, ambayo Windows huikubali, ilhali macOS, mfumo wa kompyuta yako, haiitumii kupanua eneo la kazi. Ndiyo maana skrini zote mbili zinapata nakala moja. Isitoshe, Air ya M1 huendesha skrini moja tu ya nje, kwa hiyo hata adapta mbili za kawaida kwenye matundu mawili ya kompyuta yako hazitakusaidia.

bibi_hesabu:
Mimi nina kompyuta kama yako, na nilikivuka kikwazo hicho kwa adapta yenye chipu ya DisplayLink, ambayo hupitisha picha kama data za kawaida za USB baada ya programu yake kuichakata ndani ya kompyuta. Utapakua DisplayLink Manager, kisha utaipa ruhusa ya kurekodi skrini. Jina la ruhusa hiyo lilinitia hofu mwanzoni, lakini bila hiyo skrini haionyeshi kitu. Ujue pia kwamba filamu zenye HDCP, yaani ulinzi dhidi ya kunakiliwa, zinaweza kugeuka weusi mtupu programu hiyo ikiwa inafanya kazi. Skrini yako kuu iache kwenye doki uliyo nayo.

mfasiri_wa_pwani:
Nashukuru sana, skrini ya pili sasa inajitegemea. Hata hivyo, kwenye ile kubwa ya 4K iliyobaki kwenye doki, mshale wa kipanya unakwenda kwa kukwamakwama.

fundi_mstaafu:
Fungua mipangilio ya skrini utazame kiwango cha kuonyesha upya. Bila shaka utakuta hertz 30, yaani picha 30 kwa sekunde, kwa kuwa doki nyingi za bei nafuu huishia hapo zinapotoa 4K. Ukishusha hadi 1920 × 1080 utapata hertz 60, lakini herufi zitapoteza ukali, jambo ambalo mfasiri hatalifurahia. Ningekushauri utafute adapta iliyoandikwa wazi 4K kwa hertz 60, na waya wa HDMI unaolingana nayo.